Kapteni Selous, Mzee Aliyefia Beho Beho

Nilipokuwa nikifundisha katika chuo cha ualimu, kila mwaka nilitundika ramani ya Tanzania ukutani na kuwauliza wanachuo jina Selous limetoka wapi. Wengi walijibu kuwa ni mto, au kabila fulani la kusini. Mmoja alishikilia kuwa ni mnyama. Kumbe ni mtu, na mtu huyo amezikwa katika nchi yetu tangu mwaka 1917.

Frederick Courteney Selous alizaliwa London tarehe 31 Desemba 1851. Baba yake alikuwa mtu wa cheo katika soko la hisa, na mtoto angeweza kuifuata kazi hiyo bila taabu. Lakini moyo wake ulikuwa Afrika tangu utotoni. Husimuliwa kwamba usiku mmoja mwalimu alipokagua bweni alimkuta amelala sakafuni kwenye baridi, kitanda chake kitupu. Alipoulizwa, alieleza kuwa atakuwa mwindaji Afrika, na sasa anajizoeza kulala chini. Mimi nimekagua mabweni miaka mingi na kuwakuta vijana mahali pengi pasipo pao, lakini kwa sababu kama hiyo sijapata kumkuta hata mmoja.

Alifika Afrika Kusini mwaka 1871, akiwa na miaka 19 na paundi 400 mfukoni. Mwaka uliofuata alikwenda kwa Lobengula, mfalme wa Wamatabele, kuomba ruhusa ya kuwinda tembo. Mfalme alimcheka kwa udogo wake, akamruhusu. Katika misimu mitatu kijana yule aliua tembo 78, karibu wote kwa kwenda kwa miguu, maana farasi hawaishi penye ndorobo. Mwaka 1881 alitoa kitabu cha safari zake, na jina lake likajulikana Uingereza yote.

Hapa sharti niseme jambo ambalo wenye kumsifu hulipita haraka. Mwaka 1890 Selous aliwaongoza askari na walowezi wa Cecil Rhodes, akiwaonyesha njia mpaka mahali panapoitwa leo Harare. Njia zile alizijua kwa sababu wenyeji walimpokea kwa miaka mingi kama mgeni. Hao hao ndio walionyang'anywa ardhi. Mwaka 1893 alipigana na majeshi ya Lobengula, yule yule aliyempa ruhusa, na mwaka 1896 alishika silaha tena Wamatabele walipoinuka kudai nchi yao. Kwangu mimi hilo ni doa, na ushujaa wake wa baadaye haulifuti.

Hata hivyo hakuwa mtu wa kufuata kila ngoma. Waingereza walipopigana na Makaburu kuanzia mwaka 1899, yeye aliipinga vita ile waziwazi, wakati wenzake wengi walikuwa wakiishangilia. Alikuwa amekwisha oa mwaka 1894 na kukaa katika kijiji cha Worplesdon, akikusanya ndege na mayai yao. Mwaka 1909 alimsaidia Theodore Roosevelt, aliyekuwa ametoka katika urais wa Marekani, kutengeneza safari yake ya kuwinda Kenya.

Vita Kuu ya Kwanza ilipoanza mwaka 1914 alikuwa anakaribia miaka 63. Alijitolea, akakataliwa kwa uzee. Aliomba tena na tena mpaka mwaka 1915 akapokelewa katika Kikosi cha 25 cha Royal Fusiliers. Kilikuwa kikosi cha ajabu, chenye wawindaji, wasafiri, hata watu wa sarakasi. Walishuka Mombasa mwezi Mei 1915, na mwezi Juni walivuka Ziwa Viktoria kuishambulia Bukoba na kuangusha mtambo wa simu ya upepo wa Wajerumani. Baadaye Selous alipandishwa kuwa kapteni.

Malaria na kuhara damu viliwaangusha vijana kwa mamia, mzee akaendelea kutembea. Mwaka 1916 alirudishwa Uingereza kufanyiwa operesheni. Angeweza kubaki nyumbani kwa heshima, wala hakuna ambaye angemlaumu. Alipona, akarudi vitani, na mwaka huo huo akapewa nishani ya DSO.

Wakati huo vita ilikuwa imekwisha fika kwetu. Mwishoni mwa Julai 1916 Waingereza walitwaa Dodoma, kisha Kilimatinde. Pande zote mbili zilichukua ng'ombe, nafaka na wanaume wa kubeba mizigo. Mvua nazo zilipokosa, ikaja njaa kubwa ambayo Wagogo wanaiita Mtunya.

Mwanzoni mwa Januari 1917 Waingereza walivuka Mgeta kuelekea Rufiji. Tarehe 4, huko Beho Beho, kompani ya Selous ilikutana na askari wa Kijerumani. Alikuwa amelala chini na watu wake. Aliinua kichwa ili atazame kwa darubini adui wamejificha wapi, risasi ikampata kichwani, akafa papo hapo. Siku nne kabla alikuwa ametimiza miaka 65. Walimzika pale pale porini. Mwaka mmoja baadaye, tarehe 4 Januari 1918, mwanawe Freddie, rubani wa ndege za vita, aliuawa pia. Mama yule alipokea habari mbili za tarehe moja.

Kaburi la kapteni lina jiwe na bamba lenye jina lake. Wapagazi waliobeba unga na risasi za majeshi yale walikufa zaidi ya 40,000 kwa hesabu ya serikali peke yake, na wenye kuchunguza husema ni wengi zaidi ya hapo. Wengi wao waliachwa kando ya njia. Jina la kikosi chao, Carrier Corps, ndilo lililotupatia Kariakoo ya Dar es Salaam. Sanamu ya Askari iliyosimamishwa mjini humo mwaka 1927 inawakumbuka kwa jumla, pasipo jina la mtu. Mwanachuo mmoja aliwahi kuniuliza kwa nini pori lile halikupewa jina la mpagazi. Nilimwambia aketi, tutalizungumza kipindi kijacho. Kipindi kijacho sikulizungumza.

Pori lilipewa jina la Selous mwaka 1922. Mwaka 1976 tembo waliohesabiwa huko walikuwa zaidi ya 100,000. Mwaka 2013 walibaki kama 13,000, wengine wakiwa wameuawa na majangili kwa ajili ya pembe. Mwaka 2019 sehemu kubwa ya pori ilifanywa Hifadhi ya Taifa ya Nyerere, na Beho Beho imo ndani yake. Kaburi halikuhamishwa.