Kimathi: Aliyeitwa gaidi, kaburi lake halijulikani

DEDAN Kimathi wa Waciuri alizaliwa mnamo Oktoba 31, 1920 katika eneo la Tetu, Nyeri. Alifunza shule kwa muda, kisha akajitosa katika siasa za chama cha KAU upande wa Ol Kalou.

Hali ya hatari ilipotangazwa Oktoba 1952, aliingia msitu wa Nyandarua. Magazeti ya walowezi, East African Standard likiwa mstari wa mbele, yalikuwa na jina tayari kwake na wenzake: magaidi. Waafrika waliopigana upande wa serikali waliitwa watiifu. Kati ya majina hayo mawili hapakusalia nafasi ya mtu aliyedai ardhi yake.

Wapiganaji walipovamia Lari usiku wa Machi 26, 1953 na kuua wanawake na watoto, picha za unyama huo zilienezwa hadi Uingereza. Kisasi cha walinzi na askari kilichofuata, ambacho pengine kiliua watu wengi zaidi, hakikupewa uzito kama huo. Katika vita vyote hivyo raia wa Kizungu waliouawa walikuwa 32. Waafrika walionyongwa kwa amri ya mahakama walipita 1,000.

Aprili 24, 1954 wanajeshi waliizingira Nairobi. Mtaa wa Umoja haukuwapo bado, kwani ulijengwa miaka ya 1970, lakini wakazi wa mitaa jirani ya Eastlands kama vile Bahati walitolewa nyumbani na kupangwa foleni. Mtoa habari aliyefunikwa gunia alitikisa kichwa tu, na mtu akapelekwa kizuizini. Njia ya chakula, dawa na risasi kutoka jijini hadi msituni ikakatika.

Kimathi alikuwa mtu wa kalamu. Aliwaandikia wakuu wa serikali barua na kuhifadhi kumbukumbu za mikutano. Hati za msituni zilizochapishwa baadaye zinaonyesha kwamba wapiganaji walikataa kuitwa magaidi, na hata jina Mau Mau. Wao walijiita jeshi la ardhi na uhuru.

Alipigwa risasi na kukamatwa Oktoba 21, 1956. Ndege zilidondosha vijikaratasi vyenye picha yake akiwa amelazwa, mikono imefungwa pingu. La ajabu ni kwamba mtu huyo aliyeitwa gaidi kwa miaka minne hakushtakiwa kwa mauaji wala ugaidi. Mahakama ya Nyeri ilimhukumu kifo kwa kupatikana na bastola na risasi. Alinyongwa katika gereza la Kamiti Februari 18, 1957.

Uhuru ulipatikana 1963, ila marufuku dhidi ya Mau Mau haikuondolewa hadi 2003. Sanamu yake ilizinduliwa jijini Nairobi Februari 18, 2007. Mjane wake, Mukami, aliomba kwa miaka mingi mabaki ya mumewe yatafutwe ili yazikwe kwa heshima. Alifariki Mei 2023 kabla ya kuyapata.