Mary Lou Williams, Mpiga Piano Aliyemrudishia Mungu Kipaji Chake

Apitaye Karatu siku ya Dominika, kabla ya kuipanda barabara iendayo Ngorongoro, husikia kinanda, ngoma na kayamba vikiandamana na sauti za wanakwaya. Huko juu, Wamasai huimba kwa sauti tupu pasipo ngoma, kama walivyoimba wazee wao. Leo twayaona hayo kuwa mambo ya kawaida. Lakini zamani wengi walisumbuliwa na swali hili: je, muziki wa watu waliodharauliwa waweza kufika mbele ya altare? Mmoja wa waliolijibu kwa maisha yao ni mwanamke Mweusi wa Marekani, ambaye hata kwao hakupewa heshima iliyompasa.

Mary Lou Williams alizaliwa Atlanta mwaka 1910, akalelewa Pittsburgh. Mama yake alikuwa akipiga kinanda huku amempakata, na mtoto, angali mdogo sana, akaanza kuyarudia kwa vidole vyake yale aliyoyasikia. Kabla ya kuwa mtu mzima alikwisha kuzunguka miji mingi akipiga piano kwa kujipatia riziki. Katika miaka ya 1930 alikuwa nguzo ya bendi ya Andy Kirk huko Kansas City. Hakuwa mpigaji tu, bali pia mtungaji na mpangaji wa sauti za vyombo vyote, kazi ambayo siku zile wanawake wachache mno waliruhusiwa kuigusa. Benny Goodman na Duke Ellington, wakuu wa muziki wa jazi, walitumia kazi zake.

Baadaye akakaa Harlem, mtaa wa Weusi katika New York. Nyumba yake ikawa kama shule. Thelonious Monk, Bud Powell na Dizzy Gillespie, ambao sifa zao zilienea duniani, walifika kwake kuketi kwenye piano na kupokea mashauri. Mwaka 1945 alitoa tungo kubwa juu ya nyota kumi na mbili za falaki, akiunganisha jazi na muziki wa Kizungu wa ukumbini. Lakini sifa nyingi ziliwaendea wanaume aliowafunza, na malipo hayakulingana na jasho lake.

Mwaka 1952 alivuka bahari kwenda Ulaya. Miaka miwili baadaye, akiwa Paris, alichoka rohoni, akaondoka jukwaani, akaacha kupiga. Aliporudi New York alianza kusali kwa saa nyingi katika kanisa Katoliki la Bikira Maria wa Lurdi, Harlem, kwa kuwa alilikuta mlango wazi. Aliwapokea nyumbani kwake wanamuziki walioharibiwa na madawa ya kulevya, akawalisha na kuwauguza, ingawa yeye mwenyewe alikuwa na kidogo. Mwaka 1957 alipokea Ubatizo pamoja na Lorraine, mke wa Gillespie.

Hapo ndipo lilipotokea jambo linalotufaa sana. Mary Lou alidhani kwamba kumtumikia Mungu ni kuiacha piano kabisa. Mapadre waliomwongoza, miongoni mwao Padre Anthony Woods, Mjesuiti, walimwonyesha njia nyingine: kipaji ni amana ya Mungu, na kukizika si unyenyekevu. Akarudi jukwaani mwaka ule ule.

Mwaka 1962, Martin de Porres, bruda wa Peru mwenye damu ya Kiafrika, alipotangazwa Mtakatifu, Mary Lou alimtungia wimbo wa kwaya. Kisha akatunga Misa tatu. Ile ya tatu, iliyokusudiwa kuombea amani, ikajulikana kwa jina lake, na mwezi wa Februari 1975 ikaimbwa katika Kanisa Kuu la Mtakatifu Patrick, New York. Jazi, iliyozaliwa kwa wajukuu wa watumwa na kulelewa vilabuni, ikafika altareni pasipo kuona haya. Tangu mwaka 1977 alifundisha katika Chuo Kikuu cha Duke, akaendelea hata alipokuwa mgonjwa wa kansa. Alifariki dunia tarehe 28 Mei 1981, akazikwa Pittsburgh.

Kwetu nako swali lile lilijibiwa. Padre Stephen Mbunga alitunga Misa Baba Yetu kwa kufuata uimbaji wa Kibantu, na Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati yake juu ya Liturujia ya mwaka 1963, ulisema muziki wa asili wa mataifa upewe heshima yake.

Lakini limebaki swali la pili, nalo liko mikononi mwetu wenyewe. Nyumbani mwetu wamo vijana wajifunzao kinanda kwa sikio tu, bila mwalimu. Wazazi wengine huwaita wavivu. Parokia nyingine huwatumia miaka nenda miaka rudi, bila kuwapa ahsante wala nauli. Mary Lou alivumilia kusahauliwa, lakini uvumilivu wake hauwahesabii haki waliomsahau. Dominika hii, Misa ikiisha, mtafute ampigiaye Mungu kinanda parokiani mwako. Mwulize jina lake, umshukuru angali hai.