Mtakatifu Yosefu Mukasa Balikuddembe: Mtumishi Aliyemwambia Mfalme Ukweli

Kila mwaka ifikapo tarehe 3 Juni, mahujaji wa Tanzania huungana na umati wa Namugongo, nchini Uganda, kuwakumbuka Wafiadini. Kwa muumini wa Salale safari hiyo ni ndefu. Huanza kwa mashua kati ya mikoko ya delta ya Rufiji hadi Nyamisati, kisha barabara ya Kibiti na Dar es Salaam, na baada yake siku nzima na zaidi ndani ya basi mpaka Mutukula, Masaka na Kampala. Wengi wakishasali Namugongo hurudi nyumbani. Wachache hupata nafasi ya kupanda kilima cha Mengo, lilipo kasri la Kabaka wa Buganda, liitwalo Lubiri. Ni vema kulifahamu kasri hilo, kwa kuwa humo ndimo alimotumika Mtakatifu Yosefu Mukasa Balikuddembe, Mkatoliki wa kwanza kumwaga damu yake kwa ajili ya Kristo katika Uganda. Kanisa linakumbuka kwamba aliuawa tarehe 15 Novemba 1885.

Mukasa alizaliwa yapata mwaka 1860. Alipofikia umri wa miaka kama 14 alipelekwa kutumika katika kasri la Kabaka Mutesa wa Kwanza, kama ilivyokuwa desturi kwa vijana waliotazamiwa kuwa watu wa maana katika nchi. Huko aliaminiwa upesi. Mfalme alipougua, Mukasa alikuwa miongoni mwa waliomhudumia kwa karibu, naye alijulikana kwa ukimya, usafi wa maneno na uaminifu. Jina Balikuddembe, katika lugha ya Kiganda, lina maana ya watu walio katika amani.

Injili ya Kikatoliki ilimfikia kwa njia iliyopita katika pwani yetu. Mwaka 1878 msafara wa Wamisionari wa Afrika, waitwao pia Mapadre Weupe, uliondoka Bagamoyo kwa miguu kuelekea maziwa makuu. Tarehe 17 Februari 1879 Padre Siméon Lourdel na Bruda Amans walitia nanga Entebbe. Waganda walimwita padre huyo Mapera, nao wanamwita hivyo hata leo. Mukasa akawa mmoja wa wanafunzi wake wa mwanzo, akabatizwa tarehe 30 Aprili 1882 kwa jina la Yosefu.

Miezi michache baadaye kanisa hilo changa lilibaki bila padre. Novemba 1882 wamisionari waliona hatari, wakahamia Bukumbi, kusini mwa ziwa, karibu na Mwanza ya leo. Walikaa huko hadi Julai 1885. Kwa muda wa miaka karibu mitatu hapakuwa na Misa katika Buganda. Yosefu Mukasa, aliyekuwa na miezi michache tu tangu abatizwe, ndiye aliyewakusanya vijana wa kasri kwa sala, akawafundisha katekisimu na kuwaandaa kwa ubatizo. Mapadre waliporudi hawakukuta magofu, bali walikuta jumuiya iliyoongezeka. Waamini wa vijiji vya delta, wanaojua maana ya kumngoja padre huku maji na matope yakiamua siku ya kufika kwake, wataelewa uzito wa kazi hiyo. Kila katekista anayeongoza ibada ya Jumapili bila padre anatembea katika nyayo za kijana huyu.

Mutesa alifariki Oktoba 1884, na mwanawe Mwanga akarithi kiti akiwa kijana wa miaka kama 18. Mwanga alimpenda Mukasa, akamthibitisha kuwa msimamizi wa watumishi wa nyumba yake. Mwanzoni mwa mwaka 1885, wakuu kadhaa walipopanga njama ya kumwondoa mfalme huyo kijana, Mukasa alikuwa miongoni mwa waliomwonya. Aliyehusishwa na njama hiyo, waziri mkuu aliyeitwa Katikiro, naye jina lake likiwa Mukasa, aliomba msamaha akabaki madarakani, lakini chuki yake dhidi ya Wakristo wa kasri haikuisha.

Jambo hilo linapaswa kushikwa vizuri kabla ya kusonga mbele. Yosefu Mukasa hakuwa mwasi. Alimpenda mfalme wake, alimlinda, na huenda aliokoa kiti chake. Kama angetaka cheo, njia ilikuwa wazi mbele yake.

Lakini mambo mawili yalimtenga na mfalme. La kwanza, Mwanga aliwataka vijana wa kasri kwa matendo yasiyo halali. Msimamizi wao aliwafundisha kukataa, akawapangia kazi za mbali ili wasiwepo wanapoitwa. Aliwalinda vijana wa watu kama wanawe mwenyewe. La pili lilikuwa damu. Mwaka huo Wajerumani walikuwa wameanza kujitwalia nchi katika pwani na bara ya Tanganyika, na habari hizo zilifika Mengo pamoja na utabiri wa zamani kwamba watakaoimeza Buganda watatokea mashariki. Wakati huohuo James Hannington, askofu wa Kianglikana, alikuwa akija kwa njia ya mashariki kupitia Busoga. Mwanga akaamuru auawe.

Yosefu Mukasa alimsihi mfalme asifanye hivyo. Alimkumbusha kwamba Mutesa, baba yake, hakuwaua wageni waliokuja kufundisha dini. Mfalme hakusikia, na tarehe 29 Oktoba 1885 askofu huyo na wengi wa wapagazi wake waliuawa. Mukasa akamkemea mfalme kwa tendo hilo. Tukumbuke kwamba Hannington hakuwa Mkatoliki, na katika miaka hiyo uhusiano wa wamisionari wa pande mbili haukuwa wa kirafiki. Mukasa hakuuliza kwanza kama anayeuawa ni wa kanisa lake. Ilimtosha kuwa ni mtu asiye na hatia. Yohane Mbatizaji alikuwa amefanya vivyo hivyo mbele ya Herode, naye alilipa gharama ileile.

Katikiro aliona nafasi yake imefika. Katikati ya Novemba mfalme aliugua baada ya kumeza dawa aliyopewa na Padre Lourdel, na wenye nia mbaya wakamnong'oneza kwamba Mukasa na padre walitaka kumwua. Mfalme akamshutumu msimamizi wake kwa ghadhabu. Asubuhi ya Jumapili tarehe 15 Novemba, Mukasa alipokea Ekaristi Takatifu kwa mara ya mwisho, kisha akaitwa na kuhukumiwa achomwe moto.

Mkuu wa wanyongaji, Mukajanga, alimfahamu Mukasa na kumheshimu. Alikawia njiani, akitumaini kwamba mfalme angebadili nia, kama alivyozoea kufanya hasira inapopoa. Katikiro alituma mtu kuhimiza. Mukasa hakutaka kufungwa kamba, kwa kuwa hakuwa na nia ya kukimbia. Alimwagiza Mukajanga amfikishie Mwanga ujumbe: kwamba amemhukumu bila haki, lakini amemsamehe kwa moyo wote, ila atubu, kwani asipotubu watakutana mbele ya Mungu, na hapo yeye Mukasa atakuwa mshitaki. Kwa kumhurumia, Mukajanga alimkata kichwa kwanza, na moto ukawashwa juu ya mwili uliokwisha kufa. Palikuwa Nakivubo, bondeni, chini ya kilima cha Mengo. Yosefu Mukasa alikuwa na miaka kama 25.

Inasimuliwa kwamba mfalme alipopata ujumbe ule aliingiwa na hofu, akaamuru mtu mwingine auawe na majivu yao yachanganywe, ili Mukasa asiweze kumshitaki huko mbele. Ndivyo dhamiri inavyomwandama mwenye nguvu.

Kama mfalme alidhani hofu itawarudisha vijana nyuma, alikosea. Siku hiyohiyo Karoli Lwanga, aliyekuja kushika nafasi ya Mukasa ya kuwalinda vijana, alibatizwa pamoja na wenzake. Tarehe 3 Juni 1886 Lwanga na kundi la wenzake walichomwa moto Namugongo. Papa Benedikto wa 15 aliwatangaza Wafiadini Wakatoliki 22 kuwa wenye heri mwaka 1920, na Papa Paulo wa Sita akawatangaza watakatifu tarehe 18 Oktoba 1964. Nasi tunaoishi na majirani Waislamu tusisahau kwamba miaka kama kumi kabla yao, katika utawala wa Mutesa, vijana wengi Waislamu wa kasri waliuawa kwa kushika imani yao.

Na Mwanga je? Mwaka 1888 alipinduliwa, akakimbilia kusini mwa ziwa. Alipokosa usalama kwingine, alipata hifadhi kwa mapadre wa Bukumbi, ndugu wa walewale ambao waamini wao aliwaua. Walimpokea. Msamaha ambao Mukasa aliutuma kwa mdomo wa mnyongaji ulitimizwa na Kanisa kwa mkeka na chakula. Mwanga alirudi madarakani, akaondolewa tena, akafa uhamishoni Shelisheli mwaka 1903 akiwa amebatizwa katika kanisa la Kianglikana.

Anayezuru Mengo leo hataona nyumba za nyasi za wakati wa Mukasa. Ataona Twekobe, jumba lililojengwa mwaka 1922, na barabara iliyonyooka inayoelekea Bulange, liliko bunge la Buganda. Lakini ndani ya ua huohuo ataonyeshwa pia mahali pa giza. Tarehe 24 Mei 1966 jeshi la serikali ya Milton Obote, likiongozwa na Idi Amin, lilishambulia kasri. Kabaka Mutesa wa Pili alitoroka, akafia London mwaka 1969. Kasri likageuzwa kambi ya jeshi. Katika utawala wa Amin, vyumba vya zege vilivyokuwa ghala la silaha vilifanywa mahali pa kuwatesa na kuwaua watu. Waongozaji husimulia jinsi njia ya kuingilia ilivyojazwa maji na kutiwa umeme ili asiwepo wa kutoroka. Kutani yamebaki maandishi na alama za mikono za waliokuwa wakingoja kufa.

Kilima kile kimoja, basi, kinashika kumbukumbu mbili. Katika nyakati zote mbili alikuwapo mtawala mwenye hofu, na walikuwapo watu wa kumnong'oneza. Mwaka 1885 alikuwapo pia mtumishi mmoja ndani ya nyumba aliyesema kwamba jambo hili ni dhambi. Hakumzuia mfalme, lakini aliuondolea uovu ule jina la uzalendo, na vijana waliomsikia hawakudanganyika tena. Damu isiyo na hatia humwagika kwa wepesi pale ambapo wote walio karibu na mwenye nguvu wamejifunza kunyamaza.

Sisi wa Kibiti na Rufiji tunajua ladha ya hofu. Mwaka 2017 katika wilaya zetu viongozi wa vijiji, wananchi na askari polisi waliuawa, na kwa miezi mingi watu waliogopa hata kutaja wanachokijua. Hatuwahukumu walionyamaza, kwa maana hofu ile ilikuwa ya kweli. Lakini mfano wa Yosefu Mukasa unatuuliza swali: katika mambo madogo ya kila siku, kwenye kikao cha kijiji, kazini, nyumbani, ndani ya parokia yenyewe, je, tunamwambia ukweli yule tunayemtumikia na kumpenda? Mukasa alimwambia mfalme wake ukweli bila kumtukana, bila kumchukia na bila kumkimbia.

Leo chini ya kilima cha Mengo, karibu na mahali alipouawa, limo soko kubwa la Kampala, ambalo wenyeji huliita Owino. Jina lake rasmi ni soko la Mtakatifu Balikuddembe. Kila siku maelfu huuza na kununua humo wakilitaja jina la kijana aliyetakiwa asahauliwe, hata majivu yake yakachanganywa na ya mwingine.

Mtakatifu Yosefu Mukasa Balikuddembe, utuombee tupate ujasiri wa kusema kweli na moyo wa kusamehe. Amina.