Hamed bin Muhammed el-Murjebi na Matajiri Waliomwia

Bismillahi Rrahmani Rrahim.

Amma baad. Katika pwani ya kaskazini ya Ziwa Nyasa, chini ya milima ya Ukinga, mna kijiji kiitwacho Ikombe, na watu wake ni Wakisi. Wanawake wa huko hufinyanga vyungu, wakavipakia mitumbwini, wakavipeleka soko la Matema na vijiji vya kando ya ziwa. Tangu zamani chungu kilibadilishwa kwa chakula: mtaka chungu alitoa nafaka yake, akashika chungu chake, na kila mmoja akenda zake. Twaitaja biashara hii ndogo kwa kuwa katika karne iliyotangulia ile ya baba zetu, kaskazini ya milima ile ile, ilikuwa ikipita biashara nyingine kubwa, ambayo ndani yake ni shida kumwona mtu asiye na deni. Mwenye msafara alidaiwa na tajiri wa Unguja, na tajiri wa Unguja naye alikuwa na hesabu yake na nyumba za Bombay na za Wazungu. Na aliyejulikana zaidi katika watu wa njia ile ni Hamed bin Muhammed el-Murjebi, ambaye watu wa bara walimwita Tippu Tip, kwa mlio wa bunduki zake kama alivyosema mwenyewe.

Wengi wameandika khabari za vita vyake na safari zake. Sisi twataka kumtazama kwa upande mmoja tu: namna alivyokopa, namna alivyolipa, na namna alivyofuatwa kwa madeni na madai ya zamani hata uzeeni.

Alizaliwa Unguja karibu na mwaka 1837. Baba yake, Muhammed bin Juma, alikuwa mfanya biashara wa Unyanyembe, mwenye heshima kubwa Tabora, tena alioa kwa mtemi Fundikira. Hamed alianza kuuza sandarusi akiwa kijana wa miaka kumi na miwili, mizigo midogo midogo. Baadaye alioa binti wa Salum bin Abdallah el-Barwani, mwanamke mwenye mali Unguja na Maskati. Mtu mwingine angalikaa barazani akala mali ya mkewe. Yeye hakuridhika kukaa hivyo, akachagua kukopa.

Na hapa yafaa tueleze namna ya mkopo ule, maana vijana wa leo hawaujui. Tajiri wa Kihindi hakumpa msafiri fedha mkononi. Alimpa bidhaa kwa mali kauli: majora ya merikani na kaniki, shanga, waya wa shaba, baruti na bunduki. Bei iliyoandikwa katika daftari haikuwa bei ya sokoni. Ilikuwa kubwa zaidi, kwani ndani yake tajiri alikwisha tia hatari ya njia, mauti ya msafiri, na miaka atakayongoja. Malipo yalikuwa pembe za ndovu, kwa frasila. Muda uliandikwa miaka miwili au mitatu, lakini bara haina saa ya forodhani, na deni la miaka miwili likawa la miaka kumi. Kwa hiyo husemwa kukopa harusi, kulipa matanga; na katika biashara ile matanga hayo hayakuwa mfano tu.

Katika miaka ya 1860 Hamed alitoka pwani na bidhaa za thamani ya reale 30,000, zilizokusanywa kwa matajiri wengi. Alipita Mahenge, Uhehe, Ubena na Urori, akaziacha upande wa kusini nchi zile za ziwa tulizozitaja, akaingia Ufipa na Ruemba. Bei ya pembe huko haikutosha kulipa deni lile. Mwaka 1867 alifika Itahua kwa sultani Nsama, aliyekuwa na pembe nyingi ghalani mwake. Wakapigana, Nsama akashindwa, na pembe zikatwaliwa, karibu frasila elfu mbili. Mwezi wa Julai wa mwaka ule Dakta Livingstone alikutana naye katika nchi zile, akapata kwake msaada na barua.

Basi deni lile lililipwa. Walakini mwenye kusoma kwa uadilifu hana budi kuuliza lililipwa na nani. Daftari la Unguja liliandika kuwa Hamed bin Muhammed ametimiza ahadi, na kweli aliitimiza. Lakini reale zile zilitoka katika ghala ya Nsama, na pembe zilibebwa na watu ambao wengine wao hawakuchagua kuzibeba wala hawakurudi kwao. Pembe na watumwa vilikwenda njia moja. Tajiri aliyekaa Forodhani hakuona moto wa vijiji. Aliona pembe zikipimwa katika mizani, akapiga mstari katika daftari. Mimi sioni kuwa macho yasiyoona yanamwondolea mtu hesabu yake. Na jambo hili lisisemwe kuwa ni la Wahindi peke yao, maana waliokopa, waliokopesha na walionunua walikuwa wa kila dini na kila kabila.

Alipofika pwani alimkuta Sayyid Majid akijenga Dar es Salaam. Tangu hapo jina lake likawa dhamana. Taria Topan, Khoja wa Kachi, aliyekuwa mkubwa wa matajiri wa Unguja na aliyeshika forodha wakati wa Sayyid Barghash, alimpa bidhaa za reale 50,000. Mwaka 1870 akatoka tena. Kipindupindu kilikuwa kimeenea, na katika mwezi wa Oktoba Sayyid Majid akafariki. Hamed hakurudi Unguja ila mwezi wa Novemba 1882.

Miaka kumi na miwili, ndugu msomaji! Katika muda huo alipigana Ugalla, akavuka Urua, akafika Utetela, ambako alijitambulisha kuwa ni jamaa wa Kasongo Rushie, naye akampa nchi aitawale. Akakaa Kasongo na Nyangwe kama sultani. Mwaka 1874 alimsaidia Cameron, na mwaka 1876 akapatana na Stanley amsindikize kufuata mto kwa reale 5,000. Wakaachana kabla ya mwaka kwisha, na Hamed akanung'unika siku zote kuwa hakulipwa haki yake. Liwekeni neno hili moyoni, maana Stanley atarudi.

Na Taria akafanya nini muda wote huo? Alingoja. Hakupeleka askari, hakushika nyumba, hakuwatoa jamaa zake mlangoni. Pembe zilikuwa zikishuka Tabora kidogo kidogo, na barua zikapanda kumtaka arudi wafanye hesabu. Kitabu chetu kimeamrisha mdaiwa mwenye dhiki apewe nafasi, na Taria hakumpa nafasi kwa sababu ya dhiki. Alimpa kwa kuwa ndiyo biashara, na kwa kuwa alimjua mtu wake. Hata hivyo kungoja kwake kulimletea zaidi kuliko wengine walivyopata kwa haraka. Hamed aliporudi alifika na shehena kubwa ya pembe, na hesabu ya Taria ikasafishwa. Baina ya watu hawa wawili, mmoja Ibadhi na mmoja Ismaili, hatukuona katika khabari zao kesi hata moja.

Kesi ililetwa na wengine.

Mwezi wa Februari 1887 Stanley alipita Unguja akienda kumtafuta Emin Pasha. Akafunga mkataba na Hamed: awe wali wa Stanley Falls kwa Dola ya Kongo ya Mfalme Leopold, kwa mshahara wa pauni 30 kila mwezi, tena atoe wapagazi 600 wa kuchukua mizigo. Wakapanda merikebu moja, wakazunguka Rasi, wakaingia Kongo kwa mlango wa magharibi. Wapagazi walichelewa mwaka mzima, na walipokuja, mwezi wa Juni 1888, hawakutimia. Major Barttelot, aliyekuwa akiwangoja Yambuya, aliuawa mwezi uliofuata. Stanley akasema Hamed amevunja mkataba. Hamed akasema Stanley ndiye aliyevunja, kwa kuwa baruti aliyoahidi hakuitoa.

Stanley alipotokea Bagamoyo mwezi wa Desemba 1889, akashitaki katika mahakama ya balozi wa Kiingereza Unguja, akidai pauni 10,000. Angalieni werevu wa dai hili. Hamed alikuwa raia wa Sayyid, tena yuko mbali Kongo. Balozi hakuwa na mkono wa kumfikia. Lakini fedha za pembe zake zilikuwa kwa nyumba ya Taria Topan, na watu wa nyumba ile walikuwa raia wa Kiingereza. Basi fedha zikazuiwa mikononi mwa mwenye amana, kabla mwenyewe hajasema neno lake. Aliyedaiwa hakuwapo, na aliyekuwapo hakudaiwa.

Khabari ilipomfikia, Hamed angaliweza kukaa Kongo, ambako hapana mjumbe wa mahakama angalimgusa. Akashika njia ya Unguja kwa miguu, mtu wa zaidi ya miaka hamsini, na maradhi yakamzuia njiani. Akafika mwezi wa Julai 1891. Kesi ikaachwa, haikuhukumiwa. Katika maisha yake yote, mimi naihesabu safari ile kuwa ndiyo yenye kumpa heshima zaidi, ingawa hakuteka pembe hata moja kwayo.

Asijekudhani msomaji kuwa yalikwisha hapo. Muhammed bin Khalfan el-Barwani, aliyeitwa Rumaliza, alikuwa mshirika wake wa Ujiji tangu mwanzo wa miaka ya 1880. Ushirika ule ulikuwa wa maneno zaidi kuliko karatasi: huyu akipeleka bidhaa, yule akileta pembe, na kila mmoja akihesabu moyoni. Wabelgiji walipomvunja Rumaliza mwaka 1894, alishuka pwani hana kitu, akaikumbuka hesabu ile ya zamani. Akamshitaki Hamed Dar es Salaam kwa Wadachi, na hukumu ikamwendea Rumaliza. Mali ya Hamed iliyokuwa upande wa bara ya Wadachi ikaingia katika malipo. Hamed alisema ni yeye aliyedhulumiwa, na kwamba mali yake iliyokuwa Ujiji ndiyo iliyochukuliwa. Nani mkweli? Aya ndefu kuliko zote katika Kurani, iliyo katika Sura ya Ng'ombe, haikuzungumza juu ya vita wala pepo. Imezungumza juu ya kuandika deni na kulishuhudiza, dogo na kubwa, pamoja na muda wake. Watu hawa wawili waliisoma tangu chuoni. Kwa Mhindi Hamed aliandika kila jora. Kwa nduguye Mwislamu wa Lindi aliona haya kuandika.

Katika siku zake za mwisho aliishi nyumbani kwake Shangani, mwenye mashamba saba ya karafuu na minazi kisiwani. Mdachi Heinrich Brode akamwomba aandike maisha yake, naye akayaandika kwa Kiswahili, kwa herufi za Kiarabu. Yakapigwa chapa Berlin mwaka 1902 na 1903. Mwenye kukisoma kitabu kile hustaajabu kuona frasila na reale za miaka arobaini nyuma zimehesabiwa humo, kana kwamba bado yuko mdai mlangoni anayengoja.

Taria Topan alikuwa amekwisha kufa Bombay mwaka 1891, ule ule ambao Hamed alirudi kujibu kesi. Stanley akafa London mwezi wa Mei 1904. Hamed bin Muhammed alifariki Unguja kwa homa mwezi wa Juni 1905, Rabi-ul-Akhir 1323, akazikwa mjini, si mbali na nyumba yake.