George Calvert: Waziri Aliyeacha Cheo kwa Ajili ya Imani

Katika kurasa hizi tumezoea kusimulia maisha ya watakatifu. Leo tunawasimulia habari za mtu ambaye Eklezia haikumwandika katika hesabu ya watakatifu wake. Utotoni alikuwa mwana wa Wakatoliki. Kisha kwa miaka mingi aliishi kama watu wa dini ya mfalme, akapanda cheo juu ya cheo. Na mwishowe, alipokuwa karibu kabisa na kiti cha mfalme, alirudi katika imani ya wazee wake, akapoteza kazi yake. Mtu huyo ni George Calvert, Bwana wa Baltimore. Habari zake zinatufaa sisi wote, maana wengi wetu hatuulizwi kutoa damu kwa ajili ya imani. Tunaulizwa kutoa mshahara, cheo na urafiki wa wakubwa.

Mtoto aliyebadilishiwa mwalimu

George alizaliwa mwaka wa 1579 au 1580 katika kijiji cha Kiplin, upande wa kaskazini wa Uingereza. Siku zile Malkia Elizabeth wa Kwanza ndiye aliyetawala. Tangu mwaka wa 1559 sheria ilimlazimisha kila mtu kusali siku ya Bwana katika kanisa la Waanglikana, na asiyekwenda alitozwa faini ya peni 12. Mwaka wa 1581 faini hiyo ilipandishwa hata pauni 20 kwa mwezi, mali ambayo mkulima wa kawaida hakuweza kuipata kwa mwaka mzima. Tena, tangu mwaka wa 1585, padri aliyepewa daraja ng'ambo akirudi Uingereza alistahili kuuawa.

Baba yake, Leonard Calvert, alikuwa na mashamba na heshima. Alisumbuliwa mara kwa mara na wakubwa, akalazimishwa kuahidi kwamba atafuata dini ya serikali. Mwaka wa 1592 mwalimu wa watoto wake alishtakiwa kwamba anawafundisha katika kitabu cha Wakatoliki. George alikuwa na miaka kumi na miwili hivi. Yeye na ndugu yake wakaondolewa kwa mwalimu yule, wakapewa Mprotestanti, na baba yao akaamriwa kuwaleta kila mara mbele ya wakaguzi wa dini mjini York, ili ionekane kama wanasoma mambo yanayotakiwa.

Tufikiri kidogo juu ya mtoto huyu. Anaona baba yake akiogopa, anaona kitabu chake cha sala kikinyang'anywa. Basi akainamisha kichwa, akanyamaza. Mwaka wa 1594 aliingia chuo kikuu cha Oxford, akakimaliza mwaka wa 1597, kisha akajifunza sheria mjini London. Kila mwenye kutaka shahada au kazi ya serikali aliapishwa kwamba mfalme ndiye mkuu wa Eklezia katika nchi yake. George alifuata njia ya wenzake.

Njia ya vyeo

Alikuwa mtu mpole, mwangalifu, mwenye kujua lugha nyingi, na mwaminifu katika kutunza siri. Robert Cecil, waziri mkubwa wa serikali, alimfanya mwandishi wake. Mwaka wa 1604 George alimwoa Anne Mynne, na mtoto wao wa kwanza wakampa jina la Cecil, kwa heshima ya bwana huyo. Mfalme James wa Kwanza akampenda. Mwaka wa 1617 alimpa heshima ya Sir, na mwaka wa 1619 akamweka kuwa mmoja wa makatibu wake wakuu wawili, ndio mawaziri waliopokea barua zote za mfalme na kupeleka amri zake. Tena alimpa sehemu ya ushuru wa hariri iliyoletwa kutoka ng'ambo, iwe posho yake.

Bunge la mwaka wa 1621

Mwezi wa kwanza wa mwaka wa 1621 mfalme aliita Bunge, ambalo lilikuwa halikukutana tangu mwaka wa 1614. Calvert alichaguliwa na watu wa Yorkshire. Kazi yake ilikuwa ngumu: alikaa kati ya wajumbe, lakini alikuwa kinywa cha mfalme.

Nchi ilikuwa katika taabu. Nguo za sufu, ambazo ndizo biashara kuu ya Uingereza, hazikununuliwa tena kama zamani katika masoko ya Ulaya. Wafumaji wakakaa bila kazi. Wajumbe wakatafuta sababu, wakaona jambo moja la kuwaudhi, nalo ni ukiritimba. Mfalme alikuwa amewapa watu wachache hati za kufanya biashara fulani peke yao, na wengine wote wakakatazwa. Giles Mompesson alikuwa na hati ya kutoa ruhusa kwa nyumba za wageni, naye akawaonea watu kwa faini na vitisho. Bunge likamhukumu. Hata Francis Bacon, mkuu wa mahakimu wa nchi, mtu mwenye elimu ya ajabu, aliangushwa mwaka huo kwa sababu ya rushwa.

Likaja pia shauri la samaki. Mwezi wa kumi na moja wa mwaka wa 1620 mfalme alikuwa ameipa kampani moja hati juu ya pwani ya Amerika ya kaskazini, na kampani ile ikataka wavuvi wote wapate ruhusa kwake. Edwin Sandys, mjumbe hodari wa kusema, akaleta mswada wa kufungua uvuvi kwa Waingereza wote. Calvert akaupinga. Alisema kwamba nchi zile mpya zilikuwa mali ya mfalme mwenyewe, si sehemu ya ufalme, na kwamba Bunge halina haki ya kuzitungia sheria. Tusifiche neno: yeye mwenyewe alikuwa amenunua ardhi katika kisiwa cha Newfoundland mwaka wa 1620, basi shauri lile lilimgusa. Lakini ndani ya neno lile kulikuwa na mbegu ambayo wakati ule pengine hakuna aliyeiona. Kama sheria za Bunge hazifiki ng'ambo ya bahari, basi hata sheria za kuwatesa Wakatoliki hazilazimiki kufika huko.

Maana wajumbe wale wale waliodai uhuru wa biashara, hawakutaka kusikia habari ya uhuru wa dhamiri. Walimsihi mfalme awabane Wakatoliki zaidi, awatoze faini bila huruma, awanyang'anye silaha. Mwezi wa tano walimshika Edward Floyd, mwanasheria Mkatoliki aliyekuwa tayari gerezani, kwa sababu alicheka aliposikia kwamba binti ya mfalme na mumewe wameshindwa vitani. Kwa maneno hayo tu Bunge lilimhukumu kuaibishwa mbele ya watu, kulipa pauni 5,000 na kufungwa maisha. Miezi michache baadaye mfalme alimfungua. Ndivyo ilivyo mara nyingi: mtu huona vizuri haki anayonyimwa yeye, lakini haki anayomnyima mwenzake haioni.

Mwishoni mwa mwaka wajumbe walimwomba mfalme avunje shauri la kumwoza mwanawe Charles kwa binti wa mfalme wa Hispania. Mfalme akakasirika, akaung'oa kwa mkono wake ukurasa wa kitabu cha Bunge ambamo wajumbe walikuwa wameandika madai yao, kisha akalivunja Bunge. Calvert ndiye aliyepeleka na kurudisha maneno ya hasira kati ya pande mbili. Wengi wakaanza kumchukia, kwa maana alitetea amani na Hispania.

Kurudi nyumbani

Mwezi wa nane wa mwaka wa 1622 mkewe Anne alikufa katika uzazi. Calvert akabaki na watoto wengi na huzuni kubwa. Mwaka wa 1623 shauri la ndoa ya Hispania likavunjika, na kazi yake yote ya miaka ikawa bure. Bunge la mwaka wa 1624 likatunga sheria ya kukomesha ukiritimba mwingi, likataka vita na Hispania na ukali juu ya Wakatoliki.

Calvert alikuwa na umri wa miaka arobaini na mitano hivi. Mambo ya utoto yakamrudia moyoni. Akapatana na Eklezia Katoliki, akafanya jambo ambalo wenye vyeo wengi wa siku zile hawakulithubutu: hakuficha. Mwezi wa pili wa mwaka wa 1625 aliacha kazi yake, akamweleza mfalme wazi kwamba yeye ni Mkatoliki. Mfalme James, aliyekuwa mzee na karibu kufa, hakumwadhibu. Alimpa cheo cha Bwana wa Baltimore katika nchi ya Ayalandi. Lakini mwezi uliofuata mfalme alikufa, na mwanawe Charles alipotawala, washauri wote wakatakiwa kuapa upya. Calvert akakataa kiapo kile, akaondoka katika baraza. Kijana aliyeinama mbele ya wakaguzi wa York, sasa alisimama wima mbele ya mfalme.

Ng'ambo ya bahari

Katika Newfoundland alikuwa ameanzisha kijiji cha Ferryland tangu mwaka wa 1621, na mwaka wa 1623 mfalme alimpa hati ya nchi ile, ikaitwa Avalon. Mwaka wa 1627 alikwenda kuitazama pamoja na mapadri wawili, na mwaka wa 1628 alihamia na mke wake wa pili na watoto wake wengi. Mkarmeli mmoja wa London, Padri Simon Stock, aliandika Roma mara nyingi kwa Propaganda Fide, akiomba wamisionari kwa ajili ya nchi hiyo.

Huko Calvert alifanya jambo geni kwa siku zile. Katika nyumba yake Wakatoliki walipata Misa takatifu, na Waprotestanti walipata ibada yao. Mchungaji mmoja Mwanglikana, Erasmus Stourton, alichukizwa, akarudi Uingereza kumshtaki kwamba Misa inasomwa hadharani.

Lakini adui mkali kuliko wote alikuwa baridi. Watu wa kwanza walikuwa wamemwandikia barua za kusifu hewa ya nchi. Kumbe tangu mwezi wa kumi hata mwezi wa tano barafu ilifunika bara na bahari. Kati ya watu mia moja hivi, hamsini waliugua kwa wakati mmoja, na tisa au kumi wakafa. Calvert aliifanya nyumba yake kuwa hospitali, naye mwenyewe akawa mmoja wa wagonjwa.

Mwaka wa 1629 alishuka kusini hata Virginia. Wakubwa wa pale wakamwekea mezani kiapo kile kile. Kwa mara nyingine akakataa, wakamwambia aondoke. Alirudi Uingereza kumwomba mfalme nchi yenye jua zaidi. Mke wake alipomfuata baadaye, meli yake ilizama, naye akafa. Mali ya Calvert ilikuwa imekwisha kwa sehemu kubwa, na afya yake imevunjika. Alikufa London tarehe 15 Aprili 1632, kabla ya kuipata hati aliyoiomba.

Mti uliota baada ya mpandaji

Tarehe 20 Juni 1632 hati ilitiwa muhuri, ikapewa mwanawe Cecil. Nchi ikaitwa Maryland, kwa jina la Malkia Henrietta Maria. Kodi yake ilikuwa mishale miwili ya Wahindi kila mwaka, katika juma la Pasaka, pamoja na sehemu ya tano ya dhahabu na fedha itakayoonekana. Merikebu mbili, Ark na Dove, zikaondoka mwezi wa kumi na moja wa mwaka wa 1633, na tarehe 25 Machi 1634, sikukuu ya Bikira Maria Kupashwa Habari, Padri Andrew White wa Shirika la Yezu alisoma Misa katika kisiwa kidogo cha Mtakatifu Clement.

Mwaka wa 1649 baraza la Maryland lilitunga sheria kwamba mtu yeyote anayemkiri Yezu Kristu asisumbuliwe kwa sababu ya dini yake. Anayemtukana jirani kwa jina la dini yake alitozwa faini. Sheria hiyo haikuwa kamili: iliweka adhabu ya kifo kwa anayekana Utatu Mtakatifu. Wala hatuwezi kusahau sisi Waafrika kwamba mwaka wa 1664 baraza la nchi hiyo hiyo liliandika utumwa wa maisha kwa watu weusi. Waliojua uchungu wa kunyimwa dhamiri, hawakuona uchungu wa mtu aliyenyimwa mwili wake. Uhuru wa dini nao haukudumu: mwaka wa 1704 Misa ya hadharani ilikatazwa, na mwaka wa 1718 Wakatoliki wakanyimwa kura. Hata hivyo mbegu haikufa. Mwaka wa 1789 Baba Mtakatifu Pio wa Sita alianzisha dayosisi ya kwanza ya Muungano wa Amerika, na kiti chake kikawekwa katika mji wa Baltimore.

Tujifunze nini? Kwanza, hakuna aliyechelewa mno kurudi kwa Mungu: miaka thelathini ya kuinama haikumzuia Calvert kusimama. Pili, mwenye kuomba haki kwa nyumba yake, aiombee na nyumba ya jirani. Tatu, kazi njema haipotei mpandaji akifa kabla ya mavuno.

Maulizo kwa wakatekista na wanafunzi wao

1. Kwa nini Calvert alikataa kiapo ambacho zamani pengine alikikubali?
2. Wajumbe wa Bunge walitaka uhuru gani, na uhuru gani waliwanyima wengine?
3. Je, katika kijiji chetu tunawatendeaje watu wa dini nyingine?