Ibnun-Nafis na Njia ya Damu Moyoni

Katika wanazuoni wa Kishafii aliowataja Tajud-Din As-Subki katika Tabaqat yake yumo tabibu mmoja, naye ni Alaud-Din Ali bin Abil-Hazm Al-Qurashi, mashuhuri kwa jina la Ibnun-Nafis. Alizaliwa Sham mwanzoni mwa karne ya 7 ya Hijra, akasoma utabibu Dimishki, kisha akahamia Misri. Huko Kairo alitibu wagonjwa, na akisomesha fiqhi katika madrasa ya Masruriya.

Zama hizo matabibu walishika kauli ya Jalinusi Myunani, na Ibn Sina akaifuata, ya kwamba kiambaza kilicho baina ya chumba cha kuume cha moyo na cha kushoto kina vitundu vya siri, na damu hupenya humo. Ibnun-Nafis alipokuwa akiisherehesha Qanun ya Ibn Sina, naye umri wake haujatimia miaka 40, alifika hapo asinyamaze. Alikata kwamba kiambaza hicho ni kinene, hakina tundu lionekanalo wala lisiloonekana. Damu ya kuume hutoka kwa mshipa kwenda pafuni, ikatapakaa humo na kuchanganyika na hewa, kisha ikarejea kwa mshipa mwingine hata chumba cha kushoto, ndipo ienee mwilini. Akaongeza kuwa baina ya mishipa hiyo miwili mna vipenyo pafuni. Navyo havikuonekana kwa macho mpaka mwaka wa 1661, Malpighi wa Italia alipovitazama kwa darubini. Mtazame, ewe msomaji, mtu aliyemheshimu sheikh hata akamshereheshea kitabu, wala heshima hiyo isimzuie kumrudi!

Katika ugonjwa wake wa mauti matabibu wenziwe walimshauri anywe mvinyo kidogo uwe dawa. Mas-ala ya kujitibu kwa ulevi yana maneno marefu katika fiqhi, naye aliyajua kuliko wao. Akakataa kukutana na Mola wake hali tumboni mwake mna ulevi. Akafa mwaka wa 687 (1288), Mungu amrehemu, nyumba yake na vitabu vyake akiwa ameviwekea wakfu hospitali ya Mansuri.

Lakini kauli yake ya moyo ililala. Servetus aliandika mfano wake mwaka wa 1553, na Colombo mwaka wa 1559, sifa ikawa yao. Harvey Mwingereza, mwaka wa 1628, alibainisha mzunguko wa mwili mzima, na hilo ni lake kwa haki. Mwaka wa 1924 ndipo tabibu wa Kimisri, Muhyid-Din At-Tatawi, aliyekuwa mwanafunzi Ujerumani, alipoikuta sherehe ile Berlin katika maktaba.