Koitalel arap Samoei: Shujaa aliyesimama kwenye njia ya reli

JINA la Koitalel arap Samoei hutajwa mara kwa mara katika majukwaa ya Bonde la Ufa. Hata hivyo, ni wachache wanaokumbuka kwamba mzozo uliomletea mauti ulihusu njia: nani mwenye mamlaka ya kuamua njia ipite wapi, na nani ahame ili ipite.

Wazee wa Kiptere na maeneo mengine ya Kericho na Bomet hawahitaji kuelezwa uzito wa swali hilo. Wakipsigis na Wanandi ni ndugu wa lugha na mila, na matokeo ya vita vya Koitalel yaliwafikia mlangoni.

Koitalel alizaliwa yapata mwaka wa 1860 katika ukoo wa Talai. Babake, Kimnyole arap Turukat, alikuwa orkoiyot wa Wanandi, kiongozi wa kiroho ambaye wapiganaji hawakuondoka kwenda vitani bila baraka zake. Masimulizi ya jamii hiyo yanasema kuwa alitabiri kuja kwa wageni weupe na nyoka mkubwa atakayetema moto na moshi akielekea ziwani.

Mwaka wa 1890 Kimnyole aliuawa na watu wake mwenyewe, waliomlaumu kwa maafa yaliyoikumba nchi. Wanawe wakatengana. Koitalel akashika uongozi Nandi, naye nduguye, Kipchomber arap Koilegen, akaenda kwa Wakipsigis na kuwa orkoiyot wao. Hivyo nyumba moja ikawa na usemi pande zote mbili za bonde la mto Nyando.

Ni katika bonde hilo hilo ambapo wakoloni waliamua kupitisha reli.

Bunge la Uingereza lilipitisha sheria ya Reli ya Uganda mwaka wa 1896 na kuidhinisha pauni milioni 3 kwa kazi hiyo. Wapimaji wa kwanza walikuwa wameielekeza njia kaskazini zaidi, ifike ziwani upande wa Port Victoria. Baadaye mpango ukabadilishwa, reli ikahamishiwa kusini, ishuke bonde la Nyando hadi Kisumu, kwa kuwa njia hiyo ilikuwa fupi. Mabadiliko hayo yalifanywa kwa kalamu na ramani. Wenye nchi hawakuulizwa.

Reli ilifika Kisumu, iliyoitwa Port Florence wakati huo, Desemba 1901. Mwaka uliofuata, eneo lote hilo liliondolewa Uganda na kutiwa chini ya utawala wa Afrika Mashariki, na reli nzima ikawa chini ya serikali moja. Mpaka wa nchi nao ukawa umehamishwa.

Kufikia hapo Wanandi walikuwa wamepigana na Waingereza kwa miaka kadhaa. Misafara ya kuwaadhibu ilitumwa mwaka wa 1895, 1897, 1900, 1903 na 1905. Wapiganaji walishambulia misafara ya biashara, wakakata nyaya za simu na kuzifanya mapambo, na wakang'oa vyuma vya reli ili wafue silaha. Kwa serikali huo ulikuwa wizi. Kwa Wanandi ilikuwa njia ya kulinda nchi ambayo hawakuwa wameiuza wala kuitoa.

Mnamo Oktoba 19, 1905, Koitalel alikubali kukutana na afisa wa jeshi, Richard Meinertzhagen, kwa mazungumzo ya amani. Mkutano huo uligeuka mauaji. Koitalel alipigwa risasi pamoja na wafuasi wake kadhaa. Uchunguzi wa kijeshi ulimwondolea afisa huyo lawama, lakini shutuma za hila hazikwisha, na mwaka wa 1906 aliondolewa nchini.

Baada ya kifo hicho, msafara mkubwa uliingia Nandi. Mamia ya watu waliuawa na maelfu ya ng'ombe kutwaliwa. Kisha jamii zilizoishi karibu na reli, zikiwemo za Kamelilo na Kapchepkendi, zilifukuzwa na kusukumwa kaskazini katika hifadhi iliyotengwa. Reli iliyokuwa imehamishwa kwa urahisi kwenye karatasi haikusogezwa hata hatua moja kwa ajili ya watu. Watu ndio waliosogezwa kwa ajili ya reli.

Upande wa Kericho, Kipchomber naye aliondolewa mwaka wa 1914 na kupelekwa uhamishoni Murang'a. Mwaka wa 1934 serikali ilitunga sheria maalumu ya kuwahamisha Talai wa Kericho. Familia nzima nzima, watoto na wazee, zilipelekwa Gwassi, karibu na Ziwa Victoria, penye mbung'o na malaria. Waliosalia walirejea karibu na wakati wa uhuru na kukuta ardhi yao ina wenyewe wengine. Mwana wa Koitalel, Barsirian arap Manyei, alikamatwa mwaka wa 1923 na hakuachiliwa hadi 1964.

Mwaka wa 2006, fimbo za uongozi za Koitalel zilizochukuliwa siku ya mauaji zilirejeshwa nchini na familia ya Meinertzhagen. Mji wa Nandi Hills una makavazi yenye jina la shujaa huyo. Mwaka wa 2022, Talai na Wakipsigis waliwasilisha malalamiko dhidi ya Uingereza katika Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya kuhusu ardhi waliyonyang'anywa.

Kifungu cha 40 cha Katiba ya Kenya ya 2010 kinaitaka serikali inayotwaa ardhi kwa manufaa ya umma imlipe mwenyewe fidia ya haki bila kukawia. Koitalel hakuwa na kifungu kama hicho cha kukimbilia. Kila barabara mpya inapopimwa katika nchi ya majani chai na alama nyekundu kuchorwa kwenye kuta za nyumba, kifungu hicho ndicho kinachomtenganisha mwananchi wa leo na yaliyompata orkoiyot huyo.